Nilikataa Kuvua Koti kwa Kinyozi Kalinga

Mliomtukana kinyozi Kalinga leo, nitukaneni mimi.

Nabandika karatasi hii kwenye ubao wa klabu yetu kwa sababu uso wangu hautazamiki.

Juzi Kalinga alinipaka rangi ya nywele kidogo mkononi, karibu na kiwiko. Humfanyia hivyo kila mteja, aone kama ngozi itaikubali. Usiku kucha paliwasha. Pakavimba.

Lakini leo jioni nilitakiwa kuwahutubia hapa klabuni, na vijana wameanza kuniita babu! Basi asubuhi nikarudi dukani kwake, naye akaniuliza:

"Paliwasha, mzee?"

"Hata kidogo."

"Vua koti nione."

"Na baridi hii ya Iringa? Unaniita mwongo?"

Akanipaka kichwa kizima. (Mnajua nikibishana sikubali kushindwa.)

Kabla ya adhuhuri macho yalikuwa yamekaribia kuziba, masikio yamevimba kama maandazi. Mkajaa mlangoni pa duka mkipiga kelele: "Kalinga kamtia mzee sumu!"

Mimi ninayewasema wakubwa bila woga, sikutamka neno. Nilikwenda zangu nyumbani. Yeye akafunga duka.

Kesho asubuhi nitamwomba aninyoe kichwa chote, nje, mbele yenu.

Njooni mcheke mtakavyo.

Koti nitaliacha nyumbani.