Inchi Mbili Pungufu

Katika miaka arobaini ya kushona, fundi alimkatia mtu mmoja tu nguo ndogo kwa makusudi: kitindamimba wake. Kila sare ya shule aliipunguza inchi mbili kiunoni, akiamini kwamba mtoto angepungua aifuate. Mezani pia alimpunguzia, huku kaka yake akijaziwa sahani na kubaki mwembamba kama uzi. Alipotimiza miaka kumi na tano, binti aliikataa futi ya kupimia. Tangu hapo alinunua nguo dukani, na chumba cha cherehani, kilichozoea soga zake na harufu ya mafuta ya mashine, kikapoa.

Miaka ilipita. Siku moja fundi, aliyekwisha kustaafu, alimtembelea binti huyo kazini, maabarani. Alimkuta amevaa koti jeupe ambalo vifungo vyake havifungiki.

"Chungulia hapa, mama," binti alimwambia, akimsogezea hadubini.

Katika kisahani cha kwanza seli zilijaa matone ya mafuta, yaliyotiwa rangi nyekundu. Katika cha pili, matone ya kuhesabika.

"Hawa wa pili umewanyima chakula?"

"Wamekula sawa, siku zile zile. Nimezima RNA moja tu."

"Ndiyo nini hiyo?"

Binti alifikiri. "Ile karatasi unayokatia gauni, huwa inavaliwa?"

"Wewe nawe! Nani avae karatasi?"

"Lakini bila hiyo mkasi haujui pa kupita. RNA za aina hii hazitengenezi protini, zinaelekeza kazi. Zamani zilidhaniwa takataka. Kumbe baadhi husaidia seli changa kugeuka seli za mafuta."

"Kwa hiyo chakula si kitu?"

"Ni kitu, mama. Ila hakiko peke yake. Na hiki ni kisahani tu. Mwili wa mtu una mengi."

Fundi aliinamia hadubini muda mrefu, akiziona asubuhi zile za kulazimisha zipu.

"Nilikuwa nakukatia ndogo," alisema. "Makusudi."

"Nilijua. Nilikuwa nikifika shuleni nafumua mishono kwa wembe."

"Loo! Nami nikilaumu uzi!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha fundi akatoa futi mkobani.

"Nisamehe, mwanangu. Utaniruhusu nikupime? Nitaandika kinachosomeka."

Binti alisitasita. Akavua koti, akanyanyua mikono. Futi ilipomzunguka, akabana tumbo.

"Pumua," fundi alisema, akangoja.