Mbwa mwitu wa Njeri aliyejua kupanda miti

Wakuu, sasa. Hii ilitokea kwetu na sijaitia chumvi.

Mimi ndiye first born. Wazazi walipofariki niliacha shule form two, nikawa nafulia wanafunzi wa university nguo huko Njoro.

Hapo 2007 wateja wangu walikuwa na game fulani: mmoja anasimulia, wengine wanachagua wahusika, dadu inaamua nani anapona. Nikawafunza dada zangu wawili, Njeri wa miaka kumi na tano na Shiko wa saba. Njeri akawa msimulizi, na adui kwa game yake walikuwa mbwa mwitu. Dadu tulitoa kwa ludo.

Mwanzo wa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, tulikimbia nyumbani, tukaishia kambi ya wakimbizi Nakuru.

Shiko akakataa kutoka kwa hema. Darasa lilifunguliwa hapo hapo kambini, hakwenda. Wiki tatu. Nilijaribu peremende, nikajaribu ukali. Wapi.

Hata kwa game, mhusika wake alipanda mgunga turn ya kwanza na kukaa huko.

"Mbwa mwitu hawapandi miti," alisema. "Mimi niko sawa hapa."

Kesho yake Njeri akaja na karatasi ya exercise book. Amechora mbwa mwitu mwenye masikio ya duara, kucha za chui na mkia mrefu wa kumshikilia kwa matawi. Akamwita Mparamiti.

Nilikasirika. "Wewe, mbona unamtisha mtoto?"

"Bro, soma rules kwanza."

Nikasoma. Mparamiti hupanda kuliko nyani, lakini kushuka ni kinyumenyume, hatua moja kila turn. Ukibaki juu amekupata. Ukiruka akishafika juu, hakufikii tena.

Wakuu, mimi bado naistaajabia hiyo rule. Mnyama mkali hivyo, na njia ya kumponyoka iko kwa mwili wake.

Shiko aliitazama picha sana. Kisha akarusha dadu. Tano.

"Nimeruka. Sasa nakimbilia wapi?"

"Darasani," Njeri akasema.

"La game ama la ukweli?"

"Yote mawili."

Jumatatu Shiko alinishika mkono tukatoka, picha ikiwa imekunjwa kwa mfuko wa sweta. Mlangoni mwa darasa aligeuka akaangalia nyuma.

"Bado anashuka," akaniambia, akaingia.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa namwambia Shiko hakuna cha kuogopa. Njeri alimwonyesha pa kupitia.

Wenye hucheza hizi game, nyinyi Mparamiti mngemwongezea nini? Semeni, Njeri husoma hapa.