Siku Niliyomuoza Dada Mkono Ukiwa Kisandukuni

Nawahadithia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hapa Mji wa Kale habari hutiwa chumvi kutoka kibaraza hadi kibaraza, na hii yangu ilizaliwa na chumvi yake tayari: mimi Nassor, fundi seremala, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nilimuoza dada yangu wa pekee msikitini, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mkono wangu wa kulia ukiwa umenasa ndani ya kisanduku cha kuchezea gemu. Aibu nimekwisha kuila yote. Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Kule Nyali, ng'ambo ya daraja, kulikuwa na ukumbi wa michezo wenye mashine moja ya mdundo: muziki unapiga, vitone vinateremka kwenye kioo, na kila kitone kikifika mstari wa chini wewe unagonga kitufe chake, ukichelewa kidogo tu umekosa. Naiweza mashine hiyo. (Siringi, naiweza kweli; mwenye ukumbi akiniona naingia alikuwa akiwaambia watu wasogee watazame.) Siku moja nikaenda nikakuta imeondolewa, pahala pake wameweka ile ya kunyakulia midoli, nikarudi kisiwani nimenuna, lakini kabla sijafika karakanani kwangu nilikuwa nishakata shauri: mchezo wenyewe upo hata wa kompyuta, kilichokosekana ni vitufe tu, vitufe hukaa juu ya mbao, na mbao ndiyo kazi yangu.

Nikaagiza vitufe sita vikubwa vya duara, vile vya mashine hasa, vinavyolia tak vikigongwa, pamoja na kibao cha umeme kidogo kama kiberiti cha kuiambia kompyuta kitufe gani kimeguswa. Kisanduku nikakiunda kwa vipande vya mvule, upana wa sinia ndogo ya chai, kimo cha vidole vinne, kikae magotini na kiingie mkobani. Pembe nikaziunga meno kwa meno bila msumari hata mmoja, na kitako nikakigandisha kwa gundi, maana kitako cha parafujo hutetema, na mtetemo huharibu mdundo. Nyuma nikaacha tundu la kupitisha mkono na waya, nije kuliziba mwisho. Nimetengeneza vitanda, makasha na milango, lakini kile kisanduku, wallahi, nilikuwa nikikitazama hata ninapokula.

Sasa, arusi. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita, na mimi ndiye ndugu wa kiume wa pekee, kwa hivyo walii wa dada yangu Rukiya, mwenye haki ya kumuoza, ni mimi. Alipoposwa na Faiz, kijana mpole anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, Rukiya alinijia akaniambia, "Kaka, uniozeshe wewe mwenyewe. Usimpe mtu uwakala." Nikamwambia hilo halina mjadala.

Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Nyumbani wanawake walijaa mpaka ngazini, pa kubadilisha nguo hapakuwa, basi baada ya chakula nikachukua kanzu yangu iliyotoka kwa dobi na joho la marehemu baba, nikaenda kuvalia karakanani. Nikaoga vizuri, nikajifunga kikoi, na ilikuwa imebaki saa nzima na zaidi. Kisanduku kilikuwa pale juu ya meza. Nikagonga kitufe kimoja, nikahisi kinacheza kidogo. Nikasema, nikaze hii nati moja tu, halafu nivae.

Mkono uliingia vizuri, na nati ikakaza vizuri. Kutoka ndiko kulikokuwa na neno. Kila kitufe kina ndimi mbili za chuma kwa chini, na mkono ulipoingia ulizilaza, lakini nilipouvuta zikasimama zikauma, nikawa kama samaki aliyeingia kwenye mtego wa dema: kila akijitahidi kurudi nyuma ndivyo anavyozidi kujionyesha kuwa ameshikwa. Nikatia mafuta ya nazi. Nikatia sabuni juu ya mafuta ya nazi. Nikavuta mpaka mkono ukaanza kuvimba, na mkono ukivimba ndani ya kisanduku nilichokipima kwa kubana hakuna nafasi ya kujadiliana. Nikakipigiza kwenye ukingo wa meza mara nne, meza ikabonyea, kisanduku hakikupata hata ufa. (Hapo nilikuwa nimekasirika na kujivunia kwa pamoja, sijui kama mshawahi.) Msumeno wa mkono wa kushoto, karibu na kifundo changu mwenyewe, sikuuthubutu, na mafundi majirani wote walikuwa wamefunga, wako njiani kwenda kwenye hiyo hiyo nikaha yetu.

Kisha nikasikia adhana.

Ningefanyaje? Nikapasua mshono wa mkono wa kulia wa kanzu kwa patasi, kutoka kifundoni hadi kwapani, nikaivaa, nikajitupia joho mabegani bila kuingiza mikono, nikauzungusha waya kwenye kisanduku, nikakificha chini ya joho, nikatoka. Kwa mbali nilionekana mtu mwenye heshima zake. Nilisali safu ya mwisho, pembeni kabisa. (Habari ya udhu nilimwuliza shekhe baadaye, na jibu lake ni langu na yeye.)

Shida ilianza baada ya salamu ya mwisho, wazee walipogeuka kupeana mikono. Mnajua kwetu salamu si jambo la kupita nalo mbio. Babu yake Faiz, mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, akanijia moja kwa moja na mkono mbele, nami nikatoa wa kushoto.

Akautazama. "Mwanangu," akasema polepole, "wanipa mkono wa kushoto siku ya kheri?"

"Niwie radhi, babu. Wa kulia una udhuru."

"Udhuru gani?"

Na hapo, kwa kule kuona haya, nikakunja vidole, vikagusa vitufe kwa ndani, na chini ya joho kisanduku kikalia: tak, tak. Mzee akatazama joho, akanitazama mimi, kisha nikamwona anakwenda kumnong'oneza mwenziwe.

Wakatuketisha mbele, Faiz na mimi tumekabiliana goti kwa goti, shekhe kati yetu, na ami yangu Said, ndugu yake baba, ubavuni kwangu. Shekhe akasoma hotuba ya nikaha, na mimi kila nikimeza mate kidole kinateleza, tak, msikiti kimya, tak, mpaka watu wa safu ya pili wakaanza kutafutana kwa macho. Shekhe akamaliza. Akasema, "Walii, mpe bwana arusi mkono."

Sikutoa.

Ami Said akaniinamia. "Nassor, mkono."

"Ami, hautoki."

"Hautoki wapi?"

Nikafunua joho. Kisanduku cha mvule, vitufe sita, vitatu vyekundu na vitatu vya manjano, na mkono wa walii umeingia mpaka kifundoni. Nyuma kuna mtu alicheka, akajigeuza anakohoa. Simu nazo zilikuwa juu tangu mwanzo, zinarekodi.

"Ni nini hicho?" akauliza Ami.

"Kifaa cha mchezo."

"Mchezo gani?"

"Wa mdundo, ami. Wa kwenye kompyuta."

Ami yangu ni mtu mstaarabu sana. Alifumba macho kidogo, akafumbua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipe uwakala nimuoze mimi, tufunike aibu hii, kisha twende tukalitafute jisu."

Na ilikuwa njia nyepesi, nami niliitamani, nasema kweli. Joto lilinipanda mpaka masikioni. Lakini nikamwona Rukiya alivyosimama siku ile ananiomba, nikajua akiuliza nani kamuoza, sitaki aambiwe ni ami kwa sababu kaka alikuwa anacheza. Nikamgeukia shekhe.

"Shekhe, mkono ni lazima?"

Shekhe alikuwa ameuma mdomo, na sidhani kwamba ni kwa hasira. "Mkono ni ada," akasema. "Si nguzo. Nguzo ni walii, na mashahidi wawili, na maneno, na wenye kuoana. Zote tunazo."

"Basi nitamuoza mwenyewe."

Ndipo Faiz, ambaye muda wote alikuwa ameinama mabega yanamtikisika, akainua uso, macho yana machozi ya kicheko, akanyoosha mkono wake wa kulia na kuuweka juu ya kisanduku, palepale penye vitufe, akakishika kama anayemshika mtu kiganja. Tak. Nikakaza sauti, nikasema nimekuoza dada yangu Rukiya kwa mahari mliyoagana, na yeye akajibu bila kusita kwamba amekubali kumuoa kwa mahari hayo, na kila alipokaza vidole kililia, hata video ile ukiisikiliza utadhani kuna mtu anapigia ndoa mstari chini. Halua ikapita. Watu wakacheka waziwazi sasa, na babu wa ndevu nyeupe alinijia tena, safari hii akanipiga begani kwa fimbo, taratibu, akaenda zake.

Nyumbani, tulipompeleka bwana arusi, Rukiya alikuwa kwenye kiti chake, hina mpaka viwikoni, na habari ilikuwa imeshamfikia kabla yetu. Nilisema, "Nisamehe, mdogo wangu, nimekuharibia siku."

"Umeniozesha wewe?"

"Mimi."

"Basi lete huo mkono." Akachomoa pini moja kichwani, akakiweka kisanduku juu ya magoti yake na nguo zake zote za thamani, akapenyeza vidole vyake vyembamba ubavuni mwa wangu, akaanza kuzilaza kwa ile pini zile ndimi moja moja, wanawake wakimzunguka wakipiga vigelegele kila moja inapolala. Haikufika dakika tano nikatoka, mkono mwekundu una mikwaruzo kumi na mbili. Kisanduku kizima.

Nimeapa mbele ya mama yangu kwamba siku ya shughuli ya watu sishiki bisibisi, wala koleo, wala hata kijiti cha gundi, na kiapo hicho nakishika. Ila naona watu bado hawaniamini. Juzi Ami Said alinipigia simu, binti yake anaolewa, akasema nitakwenda kulala kwake tangu siku moja kabla ya arusi, na funguo za karakana nimpe yeye.

Nilimpelekea funguo siku ile ile.