Sakafu Imepanda, Kabati Limebaki

Sakafu ya jikoni ilinigharimu shilingi elfu ishirini na tatu na mia nne, usafiri wa vigae kutoka Kericho ukiwa ndani na chai ya fundi ikiwa nje, maana huku kwetu Mogogosiek chai inamea mpaka mlangoni na huwezi kumwandikia mtu bili yake. Nilihesabu mara mbili. Hesabu ya pili ilizidi kwa mia moja, nikaamua kuiamini ile ya kwanza.

Wala haikuwa sakafu yangu. Ilikuwa ya mke wangu, ambaye yuko Ghuba mwaka wa tatu sasa, akimtunza mama mzee wa watu. Alipoondoka aliniachia ombi moja tu la nyumba. "Siku nikirudi, nisikute ile nyekundu." Ile nyekundu ni saruji tuliyoipaka rangi tulipohamia. Ilidai nta kila Jumamosi, naye akiisugua kwa magoti, na rangi yake haikukubali kukaa chini. Ilipanda kwenye soksi za watoto, kwenye taulo, na paka wetu aliishi na kufa akiwa na miguu ya rangi hiyo.

Kazi yangu ni kuuza gambuti na aproni za plastiki kwa wachumaji chai, kwa hivyo kununua vitu vya wengine kwa bei ya kupigania si shida kwangu. Mwenye duka la vigae aliniambia, "Hiyo ni bei ya mwisho, mzee." Nikamwambia mimi pia husema hivyo mara tatu kwa siku, na hakuna siku imekuwa ya mwisho. Akacheka, akashusha.

Fundi ni jirani wa ng'ambo ya mto, mtu wa makamo, Mkipsigis ambaye ulimi wake haujawahi kupatana na herufi b wala z. Aliingia jikoni, akaangalia kabati la chini, lile lenye sinki na kaunta, lililofungwa ukutani kwa skurubu.

"Mzee, hii kapati tunatoa ama tunasunguka?"

"Kuzunguka kunaokoa nini?"

"Poksi mbili za taili."

"Na ni nani ataona chini ya kabati?"

"Panya."

"Panya hachangii. Zunguka."

Tukahamisha vilivyohamishika. Jiko la gesi likaenda kwenye veranda. Friji ikaenda sebuleni, kando ya kiti changu, kwa sababu soketi ilikuwa hapo. Friji hiyo ndiyo kitu cha kwanza tulichonunua kwa pesa aliyotuma. Wakati wote ilipokuwa jikoni sikuwahi kuisikia. Sasa ilikuwa hapo karibu na mkono wangu, inanguruma, inanyamaza, inaanza tena kama mtu mwenye jambo anayekosa pa kuanzia. Watoto wako bweni. Nilijikuta napunguza redio wakati wa habari ili niisikie vizuri. Fundi alipoimaliza kazi na kusema friji irudi mahali pake, nilimwambia tungoje kidogo vigae vikauke. Vilikuwa vimekauka tangu jana yake.

Tulipoirudisha, ilikataa kuingia. Juu ya mahali pake kuna kabati dogo la ukutani, na kichwa cha friji kiligonga ubao wa chini wa kabati hilo.

"Imerefuka," nikasema.

"Friji hairefuki. Ni sakafu imepanda."

Ilikuwa kweli. Ile sakafu ya zamani ilikuwa imelalia mlangoni, pima maji ikaonyesha hivyo, basi fundi akamwaga saruji ya kusawazisha kabla ya gundi, na juu ya gundi kigae. Ukijumlisha, inchi moja na nusu. Tukaifungua ile miguu midogo ya friji, ikaingia kwa kubana. Nikamlipa, akaenda, nikadhani mambo yameisha.

Jioni hiyo nikaosha vikombe. Hapa lazima niseme kwamba mke wangu ni mrefu kuliko mimi, jambo ambalo lilijadiliwa sana na wajomba zangu wakati wa mahari, mpaka mmoja akauliza kama bei inaenda kwa futi. Alichuma chai tangu akiwa msichana, na kichaka cha chai hukatwa kufika kiunoni kwa mtu wa kawaida, si kwake. Alifanya kazi ameinama miaka hiyo yote. Basi siku seremala alipokuja kutujengea kabati na vipimo vyake vya kila nyumba, mke wangu alisimama ukutani, akakunja mkono kama aliyeshika mwiko, akamwambia: "Piga alama hapa, chini ya kiwiko. Nimeinamia chai ya watu vya kutosha. Kwangu siinami." Seremala akanitazama. Nikamwambia apige alama.

Tangu hapo kaunta yetu ilinifika kifuani. Tangu aondoke nimeosha vyombo kama mtoto aliyetumwa, mabega juu, maji yakinishukia kwapani. Jioni hiyo maji hayakushuka. Mikono ilikaa vizuri. Nilikuwa nimemaliza vikombe na nimeanza sufuria kabla sijaelewa kwa nini nastarehe, na nilipoelewa nikafunga mfereji. Sakafu ilikuwa imepanda, kabati lilikuwa limebaki pale pale. Kaunta ya mke wangu ilikuwa imekuwa yangu.

Asubuhi nikamwita fundi.

"Inchi moja na nusu?" akasema. "Mzee, mama hataona."

Nilitaka kuhakikisha. Kuna jirani anayeuza sukumawiki na isakek, ile mboga ya saga, pale kona ya kiwanda. Yeye na mke wangu waliimba kwaya pamoja, na sare zao walikuwa wakiazimana bila kupunguza wala kuongeza pindo. Nikamwomba aje asimame tu.

"Shemeji," akasema mlangoni, akifuta mikono kwa kanga, "umeniita kupima kabati ama kunipima mimi?"

"Kabati."

"Sema tena kwa sauti, mume wangu yuko barabarani."

"Kabati!"

Alisimama mbele ya kaunta, akachukua mwiko, akasonga kimyet, yaani ugali, wa hewa kwenye sufuria tupu. Nilikuwa nyuma yake, na kwa muda mfupi sikuangalia kiwiko. Niliangalia mgongo mrefu kwenye dirisha, na majani ya chai huko nje yakiwa na jua, na nikaona heri niangalie kwingine.

"Anainama," akasema. "Si sana. Kama mtu anayesalimia mtoto."

"Si nilisema hataona?" fundi akadakia.

"Macho hayataona. Mgongo utaona. Wewe umewahi kusongea watu kumi?" Kisha akanigeukia, akaweka mwiko chini polepole. "Lakini shemeji, huko aliko anasimama kwa meza ya nani? Miaka mitatu. Pengine mgongo umesahau ya kwake."

Fundi akataja bei ya kung'oa kabati, kutandika vigae chini, kulirudisha na kuunga bomba la sinki upya. Elfu nane. Nilijua naweza kumshusha hadi sita na nusu, na kwa mara ya kwanza sikufungua mdomo.

Jumapili mke wangu akapiga simu ya video. Alikuwa jikoni kwa waajiri wake, simu ameiegemeza kwa kitu, anakata vitunguu. Kaunta yao ni ya marumaru, inang'aa, na ni fupi. Shingo yake yote ilikuwa imeshuka. Alikuwa akiongea na mimi akitazama kisu.

"Mnakula?" akauliza.

"Tunakula."

"Unaongea kama uko kanisani. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Madam ameniomba niongeze miaka miwili. Anataka jibu Ijumaa."

"Wewe unasemaje?"

"Nakuuliza wewe."

Kuhusu sakafu sikuwa nimemwambia neno; nilitaka aikanyage bila kujua. Nikamwambia nitafikiria. Akanyooka, akajishika kiuno kwa nyuma, akasema kitunguu cha huko ni kikali, simu ikakatwa.

Sasa ni Jumatano. Kabati likiachwa lilivyo, linamfaa mtu mfupi anayeishi peke yake, na huyo yupo. Likiinuliwa, nimemjengea mtu ambaye hajasema anakuja. Nikimwambia kabla ya Ijumaa kwamba jikoni kwake kuko tayari, ila kuna kipimo ambacho ni yeye tu anaweza kukitoa, nahofia atajibu kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na karo ya watoto inatoka huko. Nikinyamaza, nahofia atadhani hapa hakuna anayemhitaji. Nimeipiga hesabu hii mara mbili na kila mara inatoa jibu lake. Wewe uliyewahi kuwa mbali, ukapigiwa simu na mtu wa nyumbani: ungependa kuambiwa?