Supu ya Mama wa Mwizi

Mjukuu wangu ni fundi simu pale Bunda. Nalisema kwanza kwa sababu najivuna nalo, na mwenye wivu anywe maji. Wanaume wazima wanapanga foleni kwenye kibanda chake. Jumapili anakujaga kwangu Kamunyonge na laptopu aliyoifufua mwenyewe, tunakula sato, halafu tunacheza gemu.

Ndiyo, tunacheza. Vidole vyangu vimejikunja, ile padi ya kubonyezea siiwezi. Yeye anabonyeza, mimi naamua. Maneno ni ya Kizungu, anayasoma kwanza halafu ananiambia. Gemu lenyewe ni la mtu mmoja anayetembea nchi ya theluji, na kila anapofika anaulizwa: utafanya hivi au vile? Ukishajibu, dunia inakushika kwa jibu lako.

Theluji sijawahi kuiona. Siku ya kwanza nilimwambia asimame tu niangalie inavyoanguka. Haina sauti. Inafunika mapaa kama unga wa muhogo. Na yule mtu wetu akipumua, mvuke unamtoka mdomoni. Niliukodolea macho ule mvuke mpaka chai yangu ikapoa. Aliyetengeneza kitu hiki hakutaka hata pumzi ya mtu isahaulike.

Basi tukafika kijiji kimoja, tukapewa mahali pa kulala karibu na zizi. Tukamkuta kijana anafungua kamba ya ng'ombe.

Mimi nimezaliwa Butiama, nyumba ya ng'ombe. Kwetu yowe la ng'ombe likipigwa, mwanaume anaacha tonge mkononi anakimbia. Mjukuu akaanza kusoma, "Bibi, huyu kijana anasema..."

"Piga yowe."

"Ngoja nimalize, ana sababu yake."

"Mwizi wa ng'ombe ana sababu? Piga yowe, mke mwenzangu."

Namwitaga hivyo kwa sababu marehemu babu yake alikuwa anamwita mke wangu mdogo. Akabonyeza. Watu wakatoka na mienge, wakamkamata kijana, wakamvua koti, wakamsukuma kwenye theluji na kufunga lango. Sisi tukapewa asante na kisu kipya. Nikapiga makofi. Ugali wa jioni ile niliula wote.

Jumapili iliyofuata mvua ya mchana ilikuwa inapiga bati. Mtu wetu alikuwa mbali porini, anaganda. Pale juu kwenye kioo kuna mstari mwekundu wa uhai wake, nao umebaki kama njiti ya kiberiti. Tukaona kibanda kinatoa moshi, tukaingia. Ndani kuna mama mzee kama mimi, kilemba kichwani, mguu umevimba. Mjukuu akanisomea maneno yake:

"Karibu mgeni, kaa hapo pa mwanangu. Naumwa, nimeambiwa ninywe maziwa, na sisi hatuna ng'ombe. Ameenda kunitafutia. Bado hajarudi." Akachota supu, akanyoosha bakuli.

Tukatazamana.

"Ni yule wa zizini," nikasema.

"Ni yule, Bibi. Nilikwambia ana sababu."

"Hukuniambia. Ulianza kuniambia."

"Si ulinikata kauli."

Ni kweli nilimkata. Yeye akasema, "Haya, tunywe supu twende. Mtu wetu anakufa kwa baridi."

"Hiyo supu hainyweki."

Kwetu, kumtupa mtu kwenye baridi bila koti ni kumwaga damu yake, na huli chakula cha nyumba uliyoimwagia damu, mpaka wazee wakae, kondoo achinjwe, mpatanishwe. Ukila kabla, hicho chakula kinakudai wewe na watoto wako. Nikamwambia hivyo. Akacheka.

"Bibi, hili ni gemu. Kondoo wa kupatanisha humu hayupo."

"Kama ni gemu, mbona umeacha kubonyeza?"

Niliangalia mkono wake: umelegea juu ya padi. Fundi wa kufungua simu za watu bila kutetemeka, ameshindwa kupokea bakuli la supu. Hapo ndipo nilijua si mimi peke yangu niliyeiogopa ile supu.

"Majibu yako mangapi?" nikamuuliza.

"Matatu. La kwanza, asante mama. La pili, sijui mwanao aliko. La tatu, ni mimi niliyesababisha afukuzwe. Lakini tukisema hilo supu hatupewi, na moto mwingine karibu hakuna. Miezi yote tuliyomlea huyu mtu, Bibi."

"Sema la tatu."

Nilidhani yule mama atapiga kelele, au kile kioo kitazima kwa aibu. Hakupiga kelele. Aliweka bakuli chini. Moto ukaendelea kuwaka. Nikawa nasikia mvua yangu ya Kamunyonge juu ya theluji yao. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa na koti?"

Mimi nimezika mtoto, najua. Mama haulizi kwanza nani. Anauliza kama mwanawe alisikia baridi.

Chini ya swali palikuwa na jibu moja: hapana. Mjukuu akalibonyeza. Yule mama akageuza uso ukutani.

Mpaka leo najiuliza ni nani aliyeliandika swali lile. Mahali fulani kuna mtu alikaa kwenye kiti, anajua wengi watakunywa supu waende zao, na bado akamwandalia huyu mama swali lake kwa ajili ya wachache watakaosema ukweli. Akaliacha pale kama mtu anayeacha mtungi wa maji njiani, hajui atapita nani. Mtu huyo sitamwona. Lakini amenijua.

Tukatoka bila supu. Mtu wetu alianguka kabla ya kufika mbali, theluji ikamfunika, kioo kikawa cheusi.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "mimi kabla ya kila jambo kubwa naweka akiba ya pale gemu lilipofikia. Ile ya zizini ninayo. Tunaweza kurudi kabla ya yowe."

"Mlango wa kurudi ulikuwepo muda wote?"

"Ulikuwepo."

Butiama hatukuwaga na mlango wa namna hiyo. Nikamwambia, rudi.

Tukarudi. Kijana yule yule, mkono ule ule kwenye kamba. Safari hii nilimsikiliza mpaka mwisho, na mimi mtoto wa Butiama nikaangalia ng'ombe wa watu anatolewa zizini nimefunga mdomo. Kisha tukatembea njia ile ile, mpaka kibanda cha moshi.

Mama akatukaribisha. Akachota supu, mtu wetu akanywa, mstari mwekundu ukajaa.

"Haya, mke mwenza," mjukuu akasema, "umefurahi sasa? Damu hakuna."

Yule mama alikuwa ananitazama kwa upole, kama mgeni yeyote. Hanijui. Mimi namjua, namjua hata anavyogeuza uso ukutani. Nikamwambia mjukuu wangu asimwelekeze mtu wetu kwa mama, amwelekeze kwa mwanawe, yule kijana wa zizini, aliyekaa pale motoni.

Akamgeuza. Tukamwangalia wote wawili. Alikuwa na koti.