Barua Zangu Zilizokuwa Zikiishia Takatakani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika duka la vifaa mjini Shinyanga. Tuliuza pampu za maji, mipira, maturubai, gambuti na kofia ngumu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, na Kisukuma alikijua kuliko mimi niliyetoka Tabora. Wakati ule makampuni yalikuwa yakitafuta dhahabu kila pori kati ya Kahama na Geita, na mzee alitaka kila kambi ijue kwamba sisi tupo. Akanunua kompyuta na modemu, akanikabidhi, akasema, "Dada, tangazo letu lifike kote."

Nikakusanya anwani za barua pepe kutoka kwenye kadi ambazo wageni walikuwa wakiziacha kaunta. Zikafika arobaini na kitu. Kila Jumatatu nikawa natuma barua moja kwa wote, kichwa chake kwa herufi kubwa tupu, alama tatu za mshangao, na chini yake picha ya pampu yetu kubwa ya buluu. Miezi minne ilipita bila jibu hata moja. Mzee alikuwa akifika asubuhi, kabla hajakaa, ananiuliza, "Wamejibu?" Nilichoka kusema bado.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu.

"Unakwenda kufanya nini huko porini?" akauliza.

"Kuwauliza kwa nini hawajibu."

Alicheka sana, lakini alinipa.

Nililala Kahama kwa binamu yangu, na kulipokucha nikapata lifti ya lori la saruji lililokuwa likielekea Geita. Kambi niliyoikusudia ilikuwa mahema na vibanda viwili vya mabati kando ya barabara ya vumbi. Ofisini nilimkuta mama mmoja wa makamo, Msukuma, ambaye ndiye aliyeshika simu ya setilaiti na barua zote za kambi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokota.

Akaitikia, akatabasamu kwa jinsi nilivyotamka. Nilipotaja duka letu, tabasamu likaisha.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Vuta kiti."

Akawasha kompyuta yake na kunionyesha. Alikuwa na folda aliyoipa jina Takataka. Humo zilikuwamo barua zangu zote, Jumatatu baada ya Jumatatu, na ukiacha moja tu, hakuna iliyofunguliwa. Alikuwa ameiagiza mashine kwamba chochote kitokacho kwetu kiende huko moja kwa moja, asikione.

Nilidhani ataniambia bei zetu ni mbaya. Badala yake akaniuliza, "Unajua tunapokeaje barua hapa?"

Nikasema sijui.

"Simu ni moja hii. Barua zikiwa zinaingia, hakuna anayeweza kupiga wala kupigiwa. Kuna Jumatatu dereva wetu aliumwa na nyoka. Nilikuwa nimeunganisha barua, na picha yako ya pampu ikaganda pale inapakua kidogo kidogo. Daktari wa Mwanza alikuwa anatupigia, anakuta simu haipatikani. Mimi sikujua. Nilingoja robo saa nzima nikidhani ni barua ya maana, ndipo nikakata."

"Dereva alipona?"

"Alipona. Lakini siku ile nilikuchukia, na sikuwa hata nakujua."

Nilikosa pa kutazama. Mimi nilikuwa nimeihesabu picha ile kuwa urembo wa barua. Nikasema, "Nisamehe, mama." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali, nikaongeza, "Nifanye nini ili barua yangu uisome?"

Alifikiri. "Kwanza ungeniuliza kama naitaka. Halafu uniandikie mimi, usiandikie watu arobaini. Masika inakuja, hapa tope linafika magotini, wewe unaniletea habari za pampu."

"Basi nitoe kwenye takataka."

"Sikutoi leo," akasema. "Andika unavyojua. Ijumaa moja moja huwa nachungulia humo. Nikiona mtu, nitamtoa."

Kurudi Shinyanga nilikuwa nimekwisha amua. Nikamwambia mzee kwamba picha zimekwisha, herufi kubwa zimekwisha, na kila mwenye anwani ataulizwa kama anataka kuandikiwa. Asiyetaka tunamfuta.

"Umekwenda siku tatu kunifukuzia wateja!" akafoka.

"Hawakuwa wateja, mzee. Walikuwa wanatutupa."

Tulibishana tangu kufungua duka hadi saa ya chakula. Nilimsimulia habari ya nyoka. Akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu. "Haya," akasema. "Fanya. Ila ukishindwa, narudisha pampu yangu."

Niliandika barua arobaini na kitu, moja moja, mistari mitatu mitatu. Wengi hawakujibu, nikawafuta. Wanne walikataa, mmoja kwa matusi. Saba walikubali. Yule mama hakuwemo katika saba hao, lakini yeye alikuwa amekwisha nipa ruhusa kwa mdomo, kwa hiyo nilimwandikia mara moja kwa mwezi, nikijua barua inaangukia wapi. Nilimwambia gambuti za namba gani zipo na ni lini gari letu litapita njia ya kwao. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Mzee akaanza tena kuuliza asubuhi.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika, likaja jibu: "Nimekutoa. Tuletee gambuti jozi thelathini na maturubai sita. Usisahau namba sita, mpishi wetu ana mguu mdogo." Nililisoma nimesimama. Kisha nikamwita mzee aje alisome mwenyewe.

Mwaka uliofuata mtu mmoja kutoka Dar es Salaam alituletea disketi, akasema ina anwani mia kadhaa za watu wa madini. Mzee alinitazama, macho yakimng'aa kwa tamaa.

"Wameombwa hao?" nikamuuliza yule mtu.

"Waombwe nini?"

Nikamrudishia disketi yake. Mzee aliguna, akaenda kumhudumia mtu wa Kishapu aliyekuwa anasubiri mpira wa maji, na mimi nikarudi kwenye barua yangu ya mwezi ule, ya nane kati ya nane.