Chupa Mbili za Mafindofindo

Siku yake ya kwanza kazini bibi yangu, Bi Asya, alizimia. Yeye alitaka nianze na cheti chake cha unesi, lakini macho yake hayasomi tena na mwenye kalamu ni mimi, basi cheti kitangoja. Niko darasa la kumi na moja, tunakaa Hail, hapa Maskati, na kila Ijumaa baada ya chakula yeye husema, mimi huandika.

Ilikuwa Unguja, chumba cha upasuaji, naye binti mbichi. Mtoto aliletwa kukatwa mafindofindo, zile nyama mbili za kooni ambazo zikivimba hata mate hayapiti. Dawa ya usingizi ilikuwa etha: unamfunika mtoto pua na mdomo kwa shashi iliyotandikwa juu ya waya, unadondosha tone baada ya tone. Bibi alisimama upande ambao feni ilipuliza. Akalala kabla ya mtoto.

Alipozinduka, Sista Mkuu alikuwa amemwinamia. "Asya, mgonjwa ni yule mdogo."

"Ukafukuzwa?" nikamuuliza.

"Sikufukuzwa. Nlipewa ndoo na dekio."

Kifaa chenyewe kiliitwa gilotini: pete ya chuma yenye ubapa wa kisu unaoteleza. Nyama ikiingia kwenye pete, daktari anasukuma, basi. Upande wa pili vivyo hivyo. Kazi ya bibi ilikuwa kukizuia kichwa kisicheze, kisha kumlaza mtoto ubavu ili damu itoke nje isiende mapafuni. Nikimwambia inatisha, ananiuliza mimi nnajua nini, na sindano ya chanjo tu nilishikwa na watu watatu.

Akahamia Maskati, hospitali ndogo. Huku watoto wengine walifika na alama za wasm shingoni, maana nyumbani walikwisha kuchomwa chuma cha moto, dawa ya wazee. Daktari Mkuu hakuwagombeza wazazi. "Nao walikuwa wakitafuta," alisema. "Waganga wa kale waliyang'oa mafindofindo kwa kidole. Sisi tuna bahati ya chuma kilichochemshwa."

Ila mama zetu waliotoka Unguja walikuwa na sharti lao: nyama ya mtoto haitupwi. Inazikwa uani kama kitovu, ili popote aendako nyumba imvute. Kwa hiyo bibi alitia kila jozi katika chupa yake, na jina juu ya plasta. Siku moja plasta zikalowa, zikabanduka. Watoto wawili, chupa mbili, majina yako sakafuni. Bibi akakisia.

Jirani yetu Bi Zuwena akapewa moja, akaizika chini ya mndimu wake kwa ajili ya mwanawe, Khamis. Ya pili ikaenda kijiji cha Qantab, kwa mama wa yule mtoto mwingine. Kesho yake bibi akasoma daftari la Daktari Mkuu: nyama moja ya Khamis ilikatika vipande viwili. Na chupa aliyompa Bi Zuwena ilikuwa na nyama mbili nzima.

Khamis akakua, akaenda ng'ambo kusoma, akaoa huko huko, akawa mtu wa kupiga simu Idi. Bi Zuwena alikuwa akija kwetu kunywa kahawa. "Asya," alikuwa akisema, "nyama yake iko kwangu. Kwa nini harudi?" Bibi anammiminia kahawa. Mpaka akastaafu hajasema.

"Ungemwambia tu," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba anamwagilia mtoto wa watu?"

Kazi yenyewe anaililia. Si mshahara. Ni harufu ya spiriti asubuhi, anasema, na mtoto anayezinduka akamwita mama mtu asiye mamake.

Mwezi uliopita Bi Zuwena alifariki. Khamis akaja, mwenyewe ana mvi sasa, akapokea mikono ya watu siku tatu za matanga bila chozi. Siku ya nne bibi akaniambia nimpeleke. Tukamkuta Khamis peke yake uani. Bibi akamwambia yote: plasta, daftari, Qantab. Mimi nilitafuta pa kuficha uso, nikakosa.

Khamis akautazama mndimu. "Na mama hakujua?"

"Hakujua. Mimi ndiye nliyenyamaza. Nnakuomba radhi, mwanangu."

"Si chupa yako iliyonizuia, Mama Asya," Khamis akasema. "Tiketi zilikuwepo kila mwaka. Ni mimi tu. Kila mara nilisema mwakani."

Bibi akamgeuza kwenye mwanga, akamshika kidevu, akasema, "Fungua kinywa." Mtu mzima yule akafungua. Bibi akachungulia kwa macho yake yale yasiyosoma, na sijui aliona nini.

"Daktari Mkuu alikata vizuri," akasema.

Kidevu kikaanza kumtetemeka Khamis mle mkononi. Bibi hakukiachia.

"Lia tu, baba," akamwambia. "Kwangu wamelia wote."